Saa Kumi na Moja ya Nani

Nyumbani kwetu Blacktown kulikuwa na sheria ya saa, na aliyeitunga ni mimi. Ilisema hivi: ndani ya nyumba hii, saa itasomwa kama inavyosomwa Sydney. Mshale mfupi ukiwa kwenye saba, ni saa saba, iwe asubuhi iwe jioni. Mambo ya kuhesabu tangu jua linapochomoza tuliyaacha Tanzania.

Sikuitunga kwa majivuno. Mwaka wetu wa kwanza nilipata kazi kwenye bohari moja kule Wetherill Park. Wakala alinipigia simu akaniambia kwa Kiingereza nianze saa saba yao, yaani asubuhi na mapema. Nilimwelewa vizuri kabisa. Nikachukua kalamu nikaandika nyuma ya bahasha: "Jumatatu saa 7." Jumatatu nikaamka, nikaisoma bahasha yangu mwenyewe kwa macho ya kwetu Kigoma, nikanywa chai bila haraka, nikapiga pasi shati, nikafika getini saa saba mchana. Mlinzi aliangalia karatasi yake, akaniambia nafasi imeshapewa mtu mwingine. Nilirudi kwa treni na chakula changu hakijafunguliwa.

Siku hiyo hiyo sheria ikapita. Mke wangu aliipinga.

"Siwezi kuamka saa kumi na moja alfajiri nikaiita saa tano," alisema. "Saa tano watu wanakunywa chai na maandazi."

Alibisha kama miaka miwili, halafu kidogo kidogo akaanza kutii. Alipopata kazi ya kuhudumia wazee, ratiba yake aliibandika kwenye friji kwa saa zangu. Mabinti zetu wawili hawakuwa na shida, maana wao Kiswahili wanakielewa lakini wanajibu kwa Kiingereza, na saa zao ni hizo hizo za shuleni. Nilijua nimeshinda, na nilifurahia ushindi ule kuliko ulivyostahili. Humu kwenye maandishi, hata hivyo, nitahesabu kwa Kiswahili. Sababu itaonekana.

Mke wangu alizaliwa miguuni pa Kilimanjaro. Kabla hatujaoana alikuwa mmoja wa wanawake wachache waliopandisha wageni mlimani. Alianza kama mpagazi, amebeba mifuko ya wenye nguvu kuliko yeye, akaishia kuwa kiongozi mwenye leseni. Sydney hakuna aliyemuuliza habari hizo. Kwa miaka aliogesha wazee, akawalisha, akawabadilisha shuka, na mlima ukabaki kwenye picha moja sebuleni.

Basi mmoja wa wazee hao alikuwa na mtoto wa kiume mwenye kampuni ndogo ya safari. Alikuwa akiwapeleka Waaustralia Peru kutembea kwa miguu siku kadhaa milimani, kwenda kuona magofu ya Wainka, wale watu wa kale waliojenga miji ya mawe juu huko kabla Wahispania hawajafika. Siku moja alikuja kumwona baba yake, akamkuta mke wangu, wakaongea. Alipojua amepanda Kilimanjaro mara ngapi, chai yake ilipoa mkononi. Baada ya wiki mbili akampa kazi: aongoze kundi la wageni sita, akisaidiana na kiongozi mwenyeji na watu wa nyumbu, wale chotara wa punda na farasi wanaobeba mizigo. Mji wenyewe haukuwa ule unaoonekana kwenye kila tangazo. Huu hauna treni wala barabara. Unashuka bonde la mto mpaka chini kabisa, unapanda upande wa pili, unalala njiani, unafika siku ya pili, na kurudi ni hivyo hivyo.

Nilipinga. Nilisema ni mbali, nilisema watoto, nilisema kuna huo ugonjwa wa China ambao sasa uko Italia. Ukweli ni kwamba nilikuwa na wivu. Sydney mimi ndiye niliyejua kujaza fomu, mimi ndiye niliyejua treni gani inasimama wapi. Kumbe kulikuwa na mahali duniani ambapo mke wangu anatembea mbele na watu wanamfuata, na mimi sijawahi kumwona akiwa huko.

Mara moja tu nilimwona. Alinipeleka Blue Mountains kufanya mazoezi kabla ya safari. Kwenye ngazi za mwamba nilianza kuhema kama mbwa, nikawa nasimama kila baada ya hatua kumi nikijifanya natazama ndege. Akageuka akaniambia, "Polepole, polepole," kwa ile sauti laini ambayo viongozi wa Kilimanjaro huwasemeshea wazungu. Kwa sauti ile ile! Nilinuna mpaka tukafika nyumbani, na siku tatu baadaye bado nilikuwa nimenuna.

Siku ya kuondoka nilikataa kumpeleka uwanja wa ndege. Alibeba begi lake mgongoni akaenda stesheni kwa miguu, na mimi nikamfuata nyuma kwa aibu. Tulisimama kwenye jukwaa la treni. Treni ilipokuwa inaingia, mdomo ukanitangulia.

"Nenda," nilimwambia. "Na ukiona huko kunakufaa, usirudi."

Alipanda akaenda kukaa upande wa pili wa behewa, kwenye dirisha nisiloliona. Nilibaki nimeshika tiketi yangu ambayo haikuwa na safari.

Siku zilizofuata alituma picha kwa mabinti, kwangu hakuna. Mawe, mawingu, nyumbu aliyevaa shanga. Halafu wakaingia bondeni, ambako hakuna mtandao, na picha zikakoma.

Wiki hiyo Sydney ilianza kuchanganyikiwa. Watu walipigania karatasi za chooni madukani, na kwenye bohari nyingine nilikopata kazi baadaye tulipakia karatasi hizo kwa zamu mbili mpaka migongo ikauma. Jumatatu, saa saba na nusu mchana, nikiwa napumzika, simu ikalia. Alikuwa mwenye kampuni ya safari. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekimbia.

Alisema Peru imetangaza muda mfupi uliopita kwamba inafunga mipaka. Kwao ilikuwa bado Jumapili usiku, kwa sababu wako nyuma yetu saa kumi na sita, na mwisho wa kuingia na kutoka ulikuwa usiku wa Jumatatu yao. Atakayekuwa ndani wakati huo atabaki ndani, na hakuna ajuaye mpaka lini. Kundi lilikuwa limepiga kambi ya mwisho chini bondeni, saa kadhaa za kupanda kufika mahali barabara inapoanzia. Alikuwa amempata dereva mmoja tu aliyekubali. Dereva huyo angefika mwisho wa barabara saa kumi na moja alfajiri, hangengoja, kwa kuwa vijiji vilishaanza kusema vitaziba njia. Kutoka hapo mpaka mjini ni mwendo wa saa nne. Mchana kuna ndege ya kwenda Lima, na jioni nyingine ya kutoka nchini.

"Sasa mimi nifanye nini?" nilimuuliza.

Akaeleza. Kile chombo cha mke wangu cha kutuma ujumbe kwa setilaiti kilianguka mtoni siku ya kwanza. Kilichobaki kilikuwa cha mgeni mmoja, mtu wa kelele, ambaye kila ujumbe unaoingia anausoma kwa sauti kambi nzima. Akiusoma huu, alisema, wako wawili watakaokusanya vitu na kukimbia gizani peke yao, na njia ile upande mmoja ni ukuta na upande mwingine ni hewa. Alitaka kiongozi ajue kwanza, peke yake, awapange watu kwa utulivu.

"Andika kwa lugha yenu," aliniambia. "Ataona ni ya kigeni, atampelekea yeye."

Akanitumia ukurasa wa kuandikia kwenye simu. Chini yake kulikuwa na namba inayopungua kila ukigusa herufi, kwa maana chombo kile hakipokei zaidi ya herufi mia na sitini, nafasi na nukta zikiwemo. Niliketi juu ya kreti nikaandika. Nilipomaliza, ujumbe ulikuwa hivi:

"Mpaka unafungwa kesho usiku. Usiwaambie wageni kwanza. Gari litakuwa barabarani saa 11 alfajiri, halitangoja. Ndege mchana. Acheni mizigo mikubwa. Rudi tafadhali."

Herufi zilizidi mbili.

Leo naweza kukuonyesha mahali kumi pa kupunguza. Wakati ule sikuona hata mahali pamoja. Nilijaribu kufuta "tafadhali," ikabaki "Rudi" peke yake, na hiyo ilikuwa amri nyingine kutoka kwa mtu aliyekwisha toa amri za kutosha. Nikairudisha. Mwenye kampuni alikuwa bado hewani akisema haraka, haraka. Macho yakaenda kwenye "alfajiri." Saa kumi na moja, nikajiambia, nani hajui? Nikaifuta, nikatuma.

Baada ya kama dakika ishirini likaja jibu: "Sawa. Betri inakwisha." Basi. Nilipumua kwa mara ya kwanza, nikarudi kwenye foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo.

Kwenye ukuta wa bohari kuna ubao wa zamu. Nilipita mbele yake nimebeba shehena ya karatasi za chooni, nikatupa jicho kuona kesho naanza saa ngapi. Mbele ya jina langu kulikuwa kumeandikwa: 11.

Nikasahau breki. Uma za foklifti zilikwenda zenyewe, zikatoboa shehena iliyokuwa mbele, na marobota ya karatasi yakaporomoka sakafuni yakaviringika kila upande. Msimamizi alikuja mbio akipiga kelele. Sikumsikia. Nilikuwa naisoma ile "saa 11" kwa macho ya mke wangu. Kwa hesabu ya mama yangu na mama yake, ni kabla ya jua kuchomoza. Kwa sheria ya nyumba yangu, ni saa tano asubuhi, jua kali, na gari limeondoka zamani.

Aliyenisaidia kuokota yale marobota alikuwa rafiki yangu Mkongomani, mtu wa upande wa Bukavu, ambaye tumefanya naye kazi miaka mitatu. Nilimwonyesha simu.

"Wewe hapa ungesoma saa ngapi?"

Aliitazama. "Saa kumi na moya? Ile ni eleven, ndugu yangu."

"Eleven ya mchana?"

"Njo ile. Huku Australie tunahesabia ya roster, ile ya ubao. Kwetu tungesema ingine, lakini huku? Eleven." Akanitazama usoni. "Kwa nini? Kuko nini?"

Nilimweleza. Alivua glavu zake, akaniambia kwa upole, "Tuma ingine. Tuma sasa hivi, vieux, mzee yangu."

Niliingia chooni nikatuma: "Saa 11 ALFAJIRI. Kabla ya jua." Chini yake pakaandikwa kwamba ujumbe bado haujafika. Nikatuma tena. Haujafika. Walikuwa wamekizima chombo kutunza betri, au betri yenyewe ilikuwa imekata roho. Nikampigia mwenye kampuni nikamwambia kosa langu.

"Lakini kwa Kiswahili imeandikwa saa kumi na moja, si ndiyo?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Basi tatizo liko wapi?"

Nilijaribu kumweleza kwa Kiingereza kwamba kwetu kumi na moja ni tano na tano ni kumi na moja, na kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyepiga marufuku jambo hilo nyumbani. Nilipomaliza hata mimi nilikuwa sijielewi. Alisema atamtafuta dereva amwombe angoje. Simu ya dereva ilikuwa haipatikani.

Nyumbani nilimkuta binti yangu mkubwa, mwenye miaka kumi na mitatu, anakaanga mayai. Sikutaka kumtisha, lakini sura yangu haijui kuficha kitu. Nikamweleza yote.

"Mama yako angeisomaje?"

Alizima jiko, akaenda kwenye friji, akaweka kidole kwenye ratiba ya mama yake. Jumapili moja ya mwezi uliopita, kwa mwandiko wa mke wangu: "Saa 11, yule bibi wa ghorofani." Niliikumbuka siku ile. Alitoka nyumbani saa nne na nusu asubuhi.

"Mum writes eleven for eleven, Dad," alisema. "Because of you."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma.

Tulikula mayai yale. Mdogo wake alituuliza kama mama atakuja na karantini, akidhani ni kitu cha kuletewa. Saa tatu kasoro nilikaa sebuleni na simu kwenye goti, kwa kuwa saa tatu usiku yetu ndiyo ilikuwa saa kumi na moja alfajiri yao. Nilijaribu kumwona kichwani. Kama ameamka saa hii, wako juu, wanatweta, taa zao kwenye paji la uso. Kama bado amelala, anahesabu ana asubuhi nzima, atawanywesha watu chai kwanza. Sijawahi kuogopa kiasi kile, na niliogopa vitu viwili kwa pamoja. Nilimwogopea asijue saa. Halafu niliogopa kwamba anaijua vizuri, na kwamba ameyachukua maneno yangu ya stesheni kama yalivyo. Mshale ukafika, ukapita. Simu haikulia.

Ililia saa kumi na mbili asubuhi. Mwenye kampuni alisema dereva alimpigia tangu usiku. Gari liliondoka kwa wakati, na kuna watu ndani.

"Tangu usiku?"

"Sikutaka kukuamsha."

Nilimtukana kwa Kiswahili, polepole na kwa mpangilio, halafu nikamuuliza watu wangapi.

"Sita," alisema. "Amesema sita."

"Wageni ni sita. Kiongozi ni wa saba."

"Mtandao ulikuwa mbaya," alisema. "Alisema sita na ikakatika."

Sikwenda kazini. Nilifua nguo ambazo zilikuwa safi. Sita. Niliirudia namba ile nikianika, nikifagia, nikimfunga mdogo kamba za viatu vya shule. Mkubwa alikataa kwenda shule, na sikuwa na nguvu za kumlazimisha. Alikaa kwenye kiti cha jikoni amekumbatia simu yake. Saa nne asubuhi ilitoa mlio na yeye akaipokea kabla haujaisha.

"Mum!"

Kisha akawa anasikiliza na kuitikia, yeah, yeah, okay, machozi yakimtiririka. Nilinyoosha mkono nipewe simu. Alitikisa kichwa, akasikiliza tena, akakata.

"Wako Lima," alisema, na ilikuwa kwa Kiswahili, nadhani bila kujua. "Wamepata ndege, wote. Amesema utoe makorokoro gereji. Atakaa humo wiki mbili."

"Na mimi? Hakutaka kuongea na mimi?"

"She said they're boarding, Dad."

Nilitoa makorokoro yote gereji, kile kibanda cha gari nyuma ya nyumba. Nilipiga deki sakafu mara tatu, nikaweka kitanda, birika na taa, na mlangoni nikafunga wavu mpya wa kuzuia nzi. Siku hizo kila aliyeingia kutoka nje ya nchi alitakiwa kujitenga siku kumi na nne. Alifika kwa teksi, amekonda, midomo imepasuka kwa jua la juu. Hakuwa na begi kubwa. Mabinti walimpungia mkono kutoka kwenye ngazi za nyuma, naye akawapungia. Mimi alinisalimu kama mtu anavyomsalimu jirani mwema, akaingia gereji na kufunga wavu.

Nilimpelekea chakula mara tatu kwa siku, nikakiweka juu ya stuli, nikasogea nyuma hatua za kutosha. Tuliongea juu ya chumvi. Tuliongea juu ya shule kama zitafungwa. Wakati huo nchi moja baada ya nyingine ilikuwa inafunga, na Australia nayo ikafunga. Watu wa makundi mengine waliokuwa Peru walikuwa wamekwama hotelini, hawaruhusiwi kutoka hata kununua mkate. Kila jioni niliondoka pale na swali langu ulimini. Siku ya tisa nilikaa chini kwenye nyasi nikalitoa.

"Ile saa kumi na moja. Uliisomaje?"

Alikuwa anakula wali. Aliendelea kula.

"Nilizisoma zote mbili," alisema. "Yako na ya mama yako. Kiongozi akiwa na saa mbili anashika inayotangulia."

"Kumbe hukuwa na uhakika."

"Nilikuwa na uhakika. Wewe ukiogopa unahesabu kwa Kigoma. Hata ukiota unahesabu kwa Kigoma." Akatafuna. "Nilimwambia yule mgeni wa kelele kwamba mume wangu ananikumbusha kumeza dawa. Nikawaacha walale kidogo, nikawaamsha mmoja mmoja. Tulipanda kimya. Hakuna aliyeanguka."

Nilitaka kucheka, lakini lile jambo la pili lilikuwa bado halijajibiwa.

"Dereva alisema watu sita."

Aliweka kijiko chini. Nyuma ya wavu sikuuona uso wake vizuri.

"Walikuwa sita," alisema. "Mimi nilikuwa bado nje."

"Ulikuwa unafunga mizigo?"

"Mizigo tuliiacha. Nilikuwa nimesimama tu barabarani." Aliugusa wavu kwa kidole. "Yule kiongozi mwenyeji aliniambia mama yake ana chumba. Dereva alisema mipaka itafungwa wiki mbili. Nikawaza, wiki mbili si nyingi. Nitapumzika. Nilikuwa nimeshawaza hivyo hata kabla ya ujumbe, kule juu kwenye magofu. Uliniambia kukinifaa nisirudi. Na kulikuwa kunanifaa, baba watoto. Sitakudanganya. Watu walikuwa wananifuata tena."

Nilishika nyasi kwa mikono miwili. Wiki mbili zile, tulikuja kujua baadaye, ziligeuka miezi na miezi, na mlango wa Australia nao ulifungwa kwa nje na kwa ndani. Lakini siku ile ya tisa nilichokijua kilikuwa kinatosha kunitoa jasho.

"Sasa mbona ulipanda?"

"Dereva aliwasha gari. Nikayasoma tena kichwani yale maneno yako ya mwisho. Mawili."

Nilimwambia basi kuhusu zile herufi mbili zilizozidi. Nilimwambia jinsi nilivyofuta "alfajiri" ili "tafadhali" ibaki, na jinsi nilivyokaa usiku ule nikijilaani kwa upumbavu huo. Nilisema kama ningekuwa na akili timamu ningefuta ombi nikaacha saa.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungefanya hivyo," alisema, "wageni ningewafikisha kwenye gari, nikabaki."

Ndani ya nyumba mabinti walikuwa wanagombania rimoti. Aliisukuma sahani mpaka mlangoni, akasogea nyuma, nami nikaja kuichukua.

"Samahani," nilisema, "kwa yale ya stesheni."

"Nimesikia."

Nilisimama na sahani mkononi nisijue namna ya kuondoka. "Kesho uji nitauleta saa moja," nikamwambia.

Alikuwa anageuka kuelekea kitandani, akasimama.

"Saa moja ya nani?"

"Ya mama yangu," nikasema.

Alicheka kwa mara ya kwanza tangu arudi, kicheko kifupi cha puani. Asubuhi yake jua lilikuwa ndiyo kwanza linagusa paa la gereji nilipofika na bakuli, na yeye alikuwa ameshaamka, amekaa nyuma ya wavu, ananingoja.